Jinsi ya Kupima Simulizi ya Mpiganaji wa Zamani Unapotathmini Silaha ya Kivita

Askari wa Marekani walipoanza kurejea makwao mwaka 1945, wengi wao walibeba nyara mabegini: bastola ya Luger au P38 kutoka Ujerumani, bunduki ya Arisaka iliyotekwa kwa Wajapani, majambia, bendera na darubini. Vitu hivyo vilikaa makabatini na darini kwa miongo mingi. Leo wapiganaji wenyewe wamebaki wachache sana, na nyara zao zimo mikononi mwa watoto na wajukuu, ambao baadhi yao huzipeleka mnadani. Karibu kila silaha huja na maneno yake: babu aliichukua kwa afisa aliyejisalimisha, au aliivaa kiunoni siku ya kuteremka Normandy, au alipewa na kamanda wake kama zawadi. Maneno hayo hupandisha bei ya silaha, na kwa sababu hiyo pekee yanastahili kupimwa kwa makini.

Wakusanyaji wa Marekani wana usemi wao kwamba mtu anunue bunduki, asinunue hadithi, na kwa upande wa fedha wako sahihi. Hata hivyo, anayeitupa hadithi kabla ya kuisikiliza anapoteza kitu ambacho hakitapatikana tena mzee akishafariki. Njia ninayoiona kuwa ya haki ni kuichukua simulizi na silaha kama mashahidi wawili: kila mmoja ahojiwe peke yake, majibu yake yaandikwe, kisha ndipo wakutanishwe. Simulizi ina mengi ya kusema kuhusu maisha ya mtu, na chuma kina mengi ya kusema kuhusu maisha ya chuma. Makosa mengi ninayoyaona hutokea pale shahidi mmoja anapolazimishwa kumjibia mwenzake.

Mwongozo huu unamfaa msomaji wa Kiswahili aliyeko Marekani au Ulaya anayefuatilia ukusanyaji huu, mtumishi wa makumbusho anayepokea silaha kutoka kwa familia, na mrithi anayetaka kujua ni nini hasa alichoachiwa. Mifano mingi inatoka Marekani, kwa sababu huko ndiko nyara hizo ziliko kwa wingi na ndiko biashara yake ilikokomaa.

Kwanza kabisa: usalama na sheria

Ichukulie kila silaha kuwa ina risasi mpaka uthibitishe mwenyewe. Toa magazini, yaani kasha la risasi, kwanza, kisha vuta nyuma bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, na utazame chemba, lile tundu inamokaa risasi, kwa macho na kwa kidole. Silaha iliyokaa darini tangu 1945 inaweza kuwa bado ina risasi iliyowekwa mwaka huohuo.

Pili, jua sheria ya mahali ulipo. Nchini Marekani, bunduki inayofyatua mfululizo, kama vile MP40 au StG44, ilipaswa kusajiliwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1934, na msamaha wa kusajili zilizokuwa zimefichwa ulitolewa kwa muda wa siku 30 tu, kuanzia Novemba 2 hadi Desemba 1 mwaka 1968. Cheti cha jeshi kinachomruhusu askari kubeba nyara hakichukui nafasi ya usajili huo. Familia ikikuta silaha ya aina hiyo, ipige simu kwa mwanasheria kabla ya kuihamisha kutoka mahali ilipo. Nchini Tanzania mambo haya yanasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na nchini Kenya na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kwa hiyo silaha ya urithi isiyo na kibali haina soko, na mahali pake ni kituo cha polisi, hata kama ina historia nzuri kiasi gani.

Hatua ya kwanza: andika simulizi kabla hujaichunguza silaha

Mpangilio huu una maana. Ukishaiona silaha na kuzitambua chapa zake, utaanza, bila kukusudia, kuuliza maswali yanayomwelekeza msimulizi kwenye jibu unalolijua. Kaa na mzee, au na mjane wake, au na mtoto wake, huku silaha ikiwa imefungiwa, na umwachie aeleze kwa mpangilio wake mwenyewe. Swali la kufungulia liwe pana: silaha hii uliipataje? Usiulize kama ilikuwa ya afisa wa SS, kile kikosi cha chama cha Nazi, kwa maana ukishalitaja jina hilo limeingia katika simulizi na halitoki tena. Mwakani mjukuu atamwambia mnunuzi kwamba babu mwenyewe ndiye aliyesema.

Baada ya kumaliza kusikiliza, rudi nyuma kwa maswali madogo madogo. Alikuwa kikosi gani wakati huo? Ilikuwa majira gani ya mwaka? Nani mwingine alikuwepo? Ilikuja na mkoba wake wa ngozi? Aliisafirisha vipi, kwa posta au ndani ya begi? Iliwahi kukaa kwa mtu mwingine? Iliwahi kupelekwa kwa fundi kupakwa rangi upya? Swali la mwisho hilo husahaulika sana, na jibu lake huokoa mabishano mengi, kwa sababu katika miaka ya 1950 na 1960 watu wengi waliona ni jambo la kawaida kabisa kuing'arisha bastola ya vita ili ipendeze.

Katika maandishi yako, tenganisha mambo matatu: aliyoyaona msimulizi kwa macho yake, aliyoambiwa na wengine, na anayoyakisia. Mzee anaposema kwamba aliichukua bastola mezani katika nyumba iliyokimbiwa, hilo aliliona. Anaposema kwamba nyumba hiyo ilikuwa ya jenerali, aliambiwa au alikisia. Andika pia jina la anayesimulia na uhusiano wake na mpiganaji, maana simulizi ya mpiganaji mwenyewe na simulizi ya mjukuu ambaye hakuwahi kumsikia babu yake akiongelea vita haziwezi kupewa uzito mmoja. Simulizi inayotoka kwa dalali ambaye naye aliipata kwa mtu asiyemtaja, iandike tu kama maelezo ya muuzaji.

Hatua ya pili: elewa namna mtu mkweli anavyoweza kukosea

Wapiganaji wanaodanganya kwa makusudi wapo, lakini katika jambo hili si wao wanaosumbua zaidi. Mkanganyiko mwingi unatokana na watu wakweli, na unafuata njia chache zinazojulikana.

Ya kwanza ni silaha mbili kugeuka moja. Nyara zilikuwa fedha miongoni mwa askari. Aliyekuwa mstari wa mbele aliiteka Luger, akaiuza kwa rubani au kwa karani wa stoo ambaye hakuwahi kumwona adui, akapoteza nyingine katika kamari melini, kisha miaka 10 baadaye akajinunulia bastola ya aina ileile dukani kwa sababu alijutia ile ya kwanza. Alipozeeka, kumbukumbu ya kuiteka na bastola iliyo kabatini vilikuwa vimeshikamana. Kila alichosema kilitokea, ila hakikutokea kwa bastola hii.

Ya pili ni majina. Kwa askari wengi wa Marekani, bastola yoyote ya Kijerumani ilikuwa Luger, kwa hiyo ukisikia Luger katika simulizi na ukakuta P38 ndani ya sanduku, usikimbilie kusema kwamba mzee ameongopa. Ya tatu ni ile kauli ya kwamba hii ndiyo bunduki niliyoibeba vitani. Bunduki za M1 Garand, karabini (bunduki fupi na nyepesi) za M1 na bastola za M1911 zilikuwa mali ya serikali, na askari alizirudisha alipoachiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali hiyohiyo iliuza silaha za ziada kwa raia, zikiwemo bastola za M1911 na karabini za M1, na wapiganaji wengi wa zamani walinunua moja ili wawe na mfano wa ile waliyoibeba. Wao walijua ni mfano. Watoto waliokua wakiiona ukutani hawakujua.

Yapo pia mazingira ambayo neno kuteka lilitumika kwa upana. Baada ya Japani kusalimu amri, bunduki zilikusanywa kwa maelfu na askari wa Marekani wakagawiwa kama kumbukumbu. Aliyepewa kwa njia hiyo aliweza kusema, bila nia mbaya, kwamba aliipata kwa Wajapani.

Hatua ya tatu: ichunguze silaha kana kwamba haina hadithi

Sasa weka daftari pembeni. Tafuta taa kali, lenzi ya kukuzia na kamera, na usisafishe chochote. Kutu, uchafu na grisi ya zamani ni sehemu ya ushahidi, na ukipaka mafuta na kusugua umeifuta historia ambayo hakuna fundi atakayeirudisha. Usifungue skrubu kwa bisibisi isiyolingana nayo.

Kitu cha kutafuta kabla ya vingine vyote ni chapa ya mwagizaji. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 inamlazimu kila anayeingiza silaha nchini kuipiga chapa ya jina la kampuni, mji na jimbo, na chapa hiyo kwa kawaida ni herufi ndogo kwenye mtutu au kwenye risiva, yaani kile kiini cha chuma kinachobeba namba ya silaha. Bunduki yenye chapa hiyo haikuja ndani ya begi la askari mwaka 1945. Iliingia kwa meli ya mizigo, pengine nusu karne baadaye, na hakuna simulizi inayoweza kuibadilisha hali hiyo. Hata hivyo, usigeuze kanuni hii kichwa chini. Kabla ya 1968, silaha nyingi mno za vita ziliingizwa Marekani na kuuzwa kwa posta bila chapa ya aina hiyo. Bunduki ya Kiitaliano ya Carcano iliyotumika kumuua Rais Kennedy mwaka 1963 ilinunuliwa kwa njia hiyo ya posta. Kukosekana kwa chapa ya mwagizaji hakuthibitishi kwamba silaha ni nyara.

Kisha soma chapa za kiwandani na tarehe. Hapa ndipo mtu anapovuna zaidi, na nitatoa mifano michache kwa kirefu.

Kiwanda cha Mauser kilichokuwa Oberndorf, Ujerumani, kilitumia alama ya byf katika sehemu kubwa ya vita, kisha mwaka 1945 kikahamia alama ya svw. Mji huo ulitekwa na majeshi ya Ufaransa Aprili 1945, na Wafaransa wakaendelea kuunda bastola za P38 kwa vipuri walivyovikuta, wakizipiga chapa ya nyota ndogo. Kuna P38 zilizoandikwa svw 46. Ukikabidhiwa bastola kama hiyo pamoja na maelezo kwamba ilitekwa kwa afisa wa Kijerumani karibu na mto Rhine mwezi Machi 1945, huna haja ya kubishana na mtu. Tarehe iliyo kwenye chuma imemaliza shauri.

Mfano wa pili ni herufi X. Katika silaha nyingi za Kijerumani zilizotekwa na Jeshi Jekundu utaikuta X iliyogongwa kwenye risiva au kwenye mwili wa bastola. Silaha hizo zilipelekwa kwenye karakana za Kisovieti, zikafunguliwa zote, vipuri vikachanganywa, rangi ikapakwa upya hadi kwenye bolti ambayo awali ilikuwa nyeupe, mbao ikapigwa vanishi yenye wekundu, na namba zisizolingana zikaandikwa upya kwa kalamu ya umeme ili zifanane na ya risiva. Zilihifadhiwa huko kwa miongo, na nyingi zikafika Marekani baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991. Ukigusa namba iliyoandikwa kwa kalamu ya umeme, utaona mstari wake ni mwembamba na unayumbayumba, tofauti kabisa na shimo safi la mhuri wa kiwandani. Bunduki ya Kijerumani ya Kar98k yenye sifa hizi haikuokotwa Normandy na kijana wa Ohio.

Mfano wa tatu unahusu karabini ya M1, ambayo iliundwa zaidi ya milioni 6 na wakandarasi wakuu 10, wakiwemo watengenezaji wa mashine za kuandikia, wa mashine za muziki na kampuni ya IBM. Tazama ile bangili ya chuma iliyo karibu na mdomo wa mtutu. Ikiwa ina kishikio cha singe, kumbuka kwamba kishikio hicho hakikuanza kufungwa viwandani mpaka vita vilipokuwa vinaelekea ukingoni. Vivyo hivyo kilengeo cha nyuma: cha awali kilikuwa kibati rahisi cha kupindua chenye nafasi mbili, na kile cha kurekebishwa kilikuja baadaye. Picha za askari walioteremka Normandy tarehe 6 Juni 1944 zinaonyesha karabini zisizo na kishikio cha singe. Kwa hiyo karabini yenye kishikio, kilengeo cha kurekebishwa na simulizi ya Normandy inakudai maelezo.

Hatua ya nne: usisahau karakana

Maelezo hayo mara nyingi yapo, nayo ni ukarabati. Baada ya vita, karibu kila karabini na kila Garand iliyobaki mikononi mwa jeshi la Marekani ilipita karakana za serikali, ikafunguliwa, sehemu zilizochakaa zikabadilishwa na mpya zikafungwa bila kujali mkandarasi aliyeziunda. Hakuna aliyeshughulika kurudisha bolti ileile kwenye bunduki ileile. Karabini iliyotoka kiwandani mwaka 1943 inaweza kweli kuwa ilikuwepo Ulaya mwaka 1944 na leo ikawa na bangili ya baadaye. Ndiyo maana nilisema inadai maelezo, sikusema ni ya uongo.

Kwa Garand, vuta nyuma mkono wa kuendeshea bolti, na upande wa kulia wa mtutu utasoma mwezi na mwaka ambao mtutu uliundwa. Ukiona mtutu wa 1952 juu ya risiva ya Springfield ya mwaka 1943, umeona bunduki iliyokarabatiwa. Mbao pia ina lake la kusema: mihuri ya herufi za karakana, kama RIA kwa Rock Island au RRA kwa Red River, ni cheti cha ukarabati kilichogongwa kwenye mti. Tofautisha hali hiyo na kutolingana kusikosuluhishika. Garand iliyoundwa na International Harvester au Harrington & Richardson ilitoka kiwandani katika miaka ya 1950, na hakuna ukarabati unaoweza kuipeleka Ardennes mwezi Desemba 1944.

Kuna mtego mwingine hapa, na nauona kuwa mbaya zaidi kuliko yote: muuzaji anayeifungua bunduki iliyokarabatiwa kihalali na kuirudishia vipuri vya tarehe inayolingana na simulizi. Kila kipuri ni halisi, lakini bunduki kwa ujumla imetungwa. Dalili yake ni uchakavu usiolingana. Chuma kilichochakaa kwa kushikwa kwa miaka kimekaa juu ya mbao isiyo na kovu, au kipuri kimoja kina rangi ya kijivu nyepesi ilhali jirani yake ni kijani-nyeusi, au mkwaruzo unaoanzia kwenye chuma unakatika ghafla unapofika kwenye mbao.

Hatua ya tano: soma karatasi, kisha zisome tena

Nyara bora huja na cheti. Kwa askari waliokuwa Ulaya, cheti cha kawaida kinarejelea Waraka Na. 155 wa Wizara ya Vita wa tarehe 28 Mei 1945. Ndani yake afisa anathibitisha kwamba amekagua vifaa vya adui vilivyotekwa, na kwamba mchukuzi ameruhusiwa kuvimiliki. Kwa vita vya Vietnam, utakutana na fomu ya Wizara ya Ulinzi namba 603, inayosajili silaha ya nyara, na bunduki ya SKS yenye fomu hiyo ni kitu tofauti kabisa na maelfu ya SKS za Kichina zilizoingizwa kibiashara baadaye.

Swali la kuuliza ni moja: cheti kinataja namba ya silaha? Vingi vya mwaka 1945 vinaandika tu kwamba askari ana bastola moja ya Kijerumani, basi. Cheti cha aina hiyo kinathibitisha kwamba mtu huyu alikuwa na bastola, na kinaweza kuambatanishwa na bastola yoyote, wakati wowote, na yeyote mwenye kutaka kuiuza ghali. Cheti chenye namba kina nguvu kubwa, na kwa sababu hiyohiyo ndicho kinachoghushiwa. Linganisha wino wa namba na wino wa maandishi mengine, tazama kama karatasi imezeeka kwa usawa hata ndani ya mikunjo, na angalia kama jina la kikosi na cheo vinaafikiana na kumbukumbu za utumishi za mtu mwenyewe.

Kumbukumbu hizo huombwa kwenye kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi kilichopo St. Louis. Moto uliozuka hapo tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza takriban majalada milioni 16 hadi 18, na kwa upande wa jeshi la nchi kavu ulikula asilimia 80 hivi ya majalada ya walioachiwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Jalada likikosekana, basi, usimhukumu mzee kwa hilo. Familia inaweza kuwa na nakala ya hati yake ya kuachiwa jeshini, na taarifa za kila asubuhi za kikosi chake zinaweza kuwa zimesalimika.

Barua ya mpiganaji iliyoandikwa miaka 50 baada ya vita na kutiwa saini mbele ya wakili ni hati nzuri ya kuhifadhi. Saini ya wakili inathibitisha kwamba mzee ndiye aliyesema maneno yale. Haigusi swali la kama bastola ndiyo ile. Barua aliyoiandika kwa mama yake mwaka 1945, ikitaja namba au hata kovu la kwenye kitako, ina thamani kubwa zaidi.

Hatua ya sita: wakutanishe mashahidi

Sasa weka maandishi ya simulizi na picha za silaha mezani. Kwa kila dai, jiulize kama silaha inalithibitisha, hailipingi, au inalipinga. Nguvu ya kazi hii yote iko kwenye lile la kati, kwa kuwa wauzaji hupenda kulichukua dai ambalo chuma hakilipingi na kulitangaza kana kwamba limethibitishwa.

Chukua bunduki ya Arisaka. Zile za jeshi zilikuwa na ua la krisantemo lenye petali 16 juu ya risiva, alama ya mfalme, na nyingi zilizosalimishwa baada ya vita zilisuguliwa alama hiyo kwa tupa au jiwe. Ikiwa mzee anasema aliichukua Okinawa katikati ya mapigano na ua limebaki zima, silaha hailipingi dai lake. Nayo haijalithibitisha, maana yapo maua yaliyosalimika katika bunduki zilizogawiwa baadaye. Ikiwa ua limesuguliwa, dai limedhoofika bila kufa, kwa sababu kuna bunduki ambazo jeshi la Japani lenyewe lilizifuta alama lilipoziondoa kazini na kuzipeleka, kwa mfano, mashuleni.

Mfano wa pili unatoka kwetu, na unafundisha kwa upande mwingine. Mara kwa mara hutajwa bunduki ya Mauser ya Kijerumani inayosemwa kuwa ilisalimishwa na askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mauser na askari wa Kijerumani vinaonekana kulingana vizuri mno. Lakini fuata historia ya silaha zenyewe. Mwaka 1914 kampuni nyingi za askari katika Afrika Mashariki ya Kijerumani bado zilikuwa na Mauser ya mwaka 1871 iliyotumia baruti ya moshi. Bunduki mpya zaidi ziliongezwa na meli zilizopenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwaka 1915, na Sudi, kusini ya Lindi, mwaka 1916. Risasi za Kijerumani zilipokwisha, askari walivuka Ruvuma, wakaishinda ngome ya Wareno huko Ngomano Novemba 1917, na kuanzia hapo waliishi kwa silaha walizoteka. Zile bunduki 1,071 walizokabidhi Abercorn ziliorodheshwa kuwa za Kiingereza na za Kireno. Kwa hiyo Mauser ya 1871 inaweza kuwa ya kweli kabisa kwa mapigano ya mwanzo, na simulizi inayoihusisha na Abercorn inabaki na mzigo mzito wa kuthibitisha. Bunduki ya Kireno ya 6.5 mm ambayo mtu asiyejua angeipita bila kuitazama ndiyo ingestahili kuulizwa zaidi.

Angalia pia vitu vya askari vilivyofungwa kwenye silaha. Askari wa Marekani walitengeneza vishikio vya bastola ya M1911 kwa plastiki angavu ya madirisha ya ndege na kuweka picha ya mchumba chini yake. Vishikio hivyo hugusa moyo, na vingi ni vya kweli, lakini hushikwa na skrubu mbili tu kila upande na huhama kutoka bastola moja hadi nyingine kwa dakika chache.

Hatua ya saba: bei, maandishi na familia

Pima bei ya silaha kwa hali yake, kwa namba zake kuwiana, na kwa vipuri vyake kubaki vya asili, kana kwamba hakuna aliyekuambia neno. Kisha ongeza kwa ajili ya simulizi kiasi ambacho hati zinaweza kukitetea mbele ya mnunuzi asiyekujua. Simulizi isiyo na hati, hata inayotoka kwa mzee unayemwamini, isiongeze kitu kwenye bei. Chapa za herufi mbili za SS zichukuliwe kuwa za kughushi mpaka mtaalamu wa silaha hizo aseme vinginevyo, kwa maana ni rahisi kuzigonga na faida yake ni kubwa. Majina ya kuvutia kama Mjane Mweusi, linalotumika kwa Luger zenye vishikio vyeusi, yalibuniwa na wauzaji baada ya vita na hayamo katika hati yoyote ya jeshi la Ujerumani.

Kueleza matokeo kwa familia ni kazi inayotaka staha. Usiseme babu yenu aliongopa, kwa kuwa hilo hukulichunguza na kwa kawaida si kweli. Waonyeshe chapa yenyewe kwa lenzi, waache waisome kwa macho yao, kisha waeleze kwamba bastola hii iliundwa au iliingizwa baada ya tarehe ya tukio, na kwamba tukio lenyewe linaweza kuwa lilitokea kwa bastola nyingine. Waombe picha za zamani. Mara nyingine picha ya mwaka 1945 inaonyesha silaha tofauti kabisa, na familia inaanza kukumbuka mjomba aliyeondoka nayo.

Mwisho, andika taarifa ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uwe wa silaha: aina, namba, chapa zote kwa mpangilio zilivyoonekana, dalili za ukarabati, na picha. Ukurasa wa pili uwe wa simulizi kama ilivyosemwa, ukitaja msimulizi, tarehe na mahali, pamoja na yale uliyoyatenganisha kuwa aliyaona, aliambiwa au alikisia. Chini yake eleza ni madai gani yamethibitishwa, yapi hayapingwi na yapi yamepingwa. Rudia namba ya silaha kwenye kurasa zote mbili, weka nakala moja mahali tofauti na silaha, na silaha ikiuzwa, mpe mnunuzi kurasa zote mbili zikiwa zimeshonwa pamoja.